Herufi Ambazo Mume Wangu Hakuziona

Mume wangu aliendesha teksi Alexandria, hapa Marekani, kwa miaka mingi, mpaka kisukari kilipomnyang'anya macho. Haikuwa ghafla. Kwanza alilalamika kwamba taa za magari zinamtawanyikia, halafu akawa anashindwa kusoma vibao vya mitaa, kisha daktari akamwambia asiguse tena usukani. Kufikia majira ya baridi alikuwa anapapasa ukuta kwenda chooni, ndani ya nyumba tuliyoishi tangu tufike nchi hii.

Kilichomwinua, kwa muda, ni darasa la wasioona huko mjini. Mwalimu wake, mama mmoja Mmarekani Mweusi ambaye naye haoni tangu utotoni, alimfundisha kutumia kompyuta yenye programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Nikirudi kutoka hotelini ninakosafisha vyumba, nilikuwa namkuta amevaa visikilizio, vidole vinatembea juu ya kibodi bila kubabaika. Alianza tena kunitania. Alianza kusema "mwakani" tukiongea mambo yetu, neno ambalo lilikuwa limepotea kabisa mdomoni mwake.

Ndipo rafiki yetu Mkongo, mpokea wageni katika hoteli nyingine karibu na uwanja wa ndege, akatuletea habari. Kwao walikuwa wakitafuta mtu wa kupokea simu za wanaotaka vyumba: mtu wa kukaa, kusikiliza na kuandika kwenye kompyuta. Alikuwa ameshaongea na mkubwa wake, na mkubwa hakuona shida kumchukua mtu asiyeona.

"Papa, kazi iko," alisema, "lakini wanapokea maombi ku internet tu, na wanafunga Ijumaa."

Alhamisi asubuhi nilitaka kuomba ruhusa kazini nibaki nimsaidie. Akakataa. Alisema anachotakiwa ni kufungua akaunti kwenye tovuti yao na kujaza maelezo yake, na hayo ameshafundishwa. Nikaenda zangu kupanda basi.

Niliporudi jioni nilimkuta kwenye kiti kilekile. Chai niliyomwachia ilikuwa imepoa, hakuigusa. Kwenye spika ilisikika sauti ya mwanamume akitaja tarakimu, na nyuma yake kelele nzito, kama umati unaoongea ndani ya pipa.

Alinieleza taratibu. Alijaza kila kitu vizuri, lakini mwisho wa ukurasa walimtaka aandike herufi zilizochorwa kwenye picha, ili wahakikishe anayejisajili ni binadamu na si programu inayojisajili yenyewe. Zile herufi hupindwa na kuchorwachorwa mistari makusudi, ili mashine isiweze kuzisoma. Na yeye alikuwa anasomewa na mashine. Ilipofika pale ilitamka "picha", ikanyamaza. Akatafuta mpaka akapata kitufe cha kusikiliza. Tarakimu zikaja zimezama katika zile kelele. Akaandika alichodhani amesikia, ukurasa ukamwambia amekosea, ukafuta kila kitu, naye akaanza tena kwenye jina lake. Hivyo hivyo mchana kutwa. Alimpigia mwalimu wake, akaambiwa afute kumbukumbu za kompyuta, aizime na kuiwasha, ajaribu programu nyingine ya kuingilia mtandaoni. Alifanya yote. Mwishowe ukurasa ukamwambia amejaribu mno, asubiri. Akapiga simu ya huduma kwa wateja. Binti aliyepokea alimuuliza, kwa upole, kama nyumbani hakuna mtu anayeona.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia yupo, yuko kazini."

Nikamwomba anipishe kiti. Hakuinuka.

"Nikiingia pale kwa macho yako, mama, siku ya kwanza kazini nitafanyaje?"

Nilimwambia hilo ni lango tu, ndani hakuna picha. Sikuwa na hakika. Akainuka akishika ukingo wa meza, akasimama nyuma yangu na kunitajia ya kujaza. Kumbe hata mwenye macho hapo anateseka. Sikuweza kujua kama ni herufi O au sifuri, wala kama ile ni herufi moja nene au mbili zilizogandana. Nilikosea, nikakosea tena. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Hatimaye ikakubali, ikasema tusubiri ujumbe wa uthibitisho kwenye barua pepe. Tulisubiri, haukuja. Tukalala.

Asubuhi niliukuta umetupwa kwenye kapu la barua taka. Nilipoubofya, ulisema muda wake umepita, tuanze upya. Nilipoanza upya, ukurasa ukasema anwani hii ya barua pepe tayari ina akaunti. Akaunti ilikuwepo, kuiingia haiwezekani kwa kuwa haikuthibitishwa, na kufungua nyingine haturuhusiwi. Nilijaribu nikiwa nimeshavaa koti, huku natazama saa.

"Nenda," akasema. "Basi litakuacha."

Rafiki yetu aliandika maelezo ya mume wangu kwenye karatasi na kumpelekea mkubwa wake mkononi. Mkubwa alisikitika, akasema makao makuu huona tu majina yaliyomo kwenye mfumo. Kazi ikaenda kwa mtu mwingine.

Mwalimu alipiga simu. Alisema wanafunzi wake wengine wamekwama palepale, na kwamba anaziandikia kampuni kulalamika. Mume wangu alimsikiliza, akamshukuru kwa heshima, na hakurudi tena darasani. Binti yetu alikuja kutoka Germantown anakoishi, akamwambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba atamfungulia anwani mpya ya barua pepe, ni jambo la dakika chache. Baba yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba hana wa kumwandikia.

Gari la darasa, lililokuwa likimchukua yeye na wenzake, liliendelea kuja siku za masomo, likipiga honi chini ya jengo. Yeye alikuwa akikaa kitandani akilisikiliza. Mwanzoni alinituma nishuke nimwambie dereva kwamba anaumwa, nami nikashuka nikasema hivyo. Baadaye dereva hakuuliza tena, alinipungia mkono tu, na siku moja gari halikuja. Nilisubiri pale nje kwenye baridi kwa kitambo. Kisha nikapanda ngazi kurudi kwake.