Fundi wa Mashine ya Mlangoni

Fundi wa kompyuta za pamoja chuoni kwetu Bandung humenya matunda ya salak huku akikufungulia akaunti, na maganda yake huyapanga mezani kama magamba ya nyoka. Humwambia kila mgeni yaleyale: “Mashine hii ya kwanza ni mlango tu, dada. Kazi nzito ipeleke foleni, ingoje zamu kwenye mashine kubwa za ndani. Ukiiendeshea hapa naizima, hata uwe nani.” Kazi yangu ya kwanza aliizima huku akitafuna. Jumanne mashine hiyo ya mlangoni ikakwama, sote tukashindwa kuingia. Kwenye skrini yake, aliyeuziba mlango kwa kazi yake nzito alikuwa Profesa Hardjasa. Kidole cha fundi kikaganda juu ya kitufe. Akakiondoa, akakipangusa kwenye suruali, akampigia simu: “Samahani sana, Profesa, tuvumilie. Leo mashine zinakuchelewesha.”