Vitamini ya Kupaka

Mteja wa saluni haangalii kioo tu. Anaangalia pia mikono inayomshika kichwa. Nilijifunza hilo mapema, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na pumu ya ngozi tangu utotoni, na baridi kavu ya Joburg iliipasua hadi ikatoa majimaji katikati ya vidole.

Mwaka 2017 nilikuwa nafagia na kuosha vichwa katika saluni ya Wakongo wenzangu huko Doornfontein, chini ya jengo wanamokaa wanafunzi. Nilichotaka ni kiti kimoja tu, nisuke na mimi niitwe msusi. Kusuka nilikujua tangu shule ya msingi, na zaidi ya shule hiyo sikusoma. Lakini kila nilipokisogelea kiti, msusi mkubwa alipaza sauti: "Mamba ametoka mtoni! Wateja, funikeni vichwa!"

Wote walicheka. Mimi nami nilicheka kidogo, maana mtu mwenye haya akikosa cha kusema hucheka.

Sista wa kliniki, yaani muuguzi, alinipa kopo la marhamu nzito, akaniambia nijipake mara nyingi na nikae mbali na shampuu. Nilimwitikia ndiyo, kisha nikarudi kuosha vichwa.

Mwenye saluni, ambaye sote tulimwita Maman, aliuza vidonge vya vitamini pembeni ya kioo. "Ngozi yako iko na njaa," aliniambia. Nilimeza vya rangi zote. Kilichobadilika ni mkojo wangu, ukawa wa njano kali.

Ndipo akafanya wanachofanya wanawake wengi wa kwetu. Kwao krimu isiyochanganywa ni maji tu. Alimimina losheni katika bakuli, akachukua sindano ya kushonea nywele za bandia, akatoboa vidonge laini vya vitamini kimoja kimoja na kukamua mafuta yake humo. Mwishoni akaminya tyubu nyembamba ya dawa inayong'arisha ngozi, akakoroga kwa mpini wa kitana. Watu huita kitu hicho mkorogo. Yeye alikiita vitamini ya kupaka.

Nilipona. Lazima niandike hivyo, kwa sababu ni kweli. Muwasho ulikatika, mipasuko ikafunga, nikawa najigusa vidole kwa siri nisiamini. Maman akanipa kiti karibu na mlango. Mteja wangu wa kwanza alisinzia nikimsuka, na kwa msusi hakuna heshima kubwa kuliko hiyo.

Kila aliyeingia alionyeshwa mkono wangu. Maman alinipandisha mkono wa shati bila kuniuliza, hata vidole vyangu vikiwa katikati ya nywele za mtu. "Huyu alikuwa mamba. Angalia sasa! Ni vitamini tu." Makopo ya mkorogo wake yalinunuliwa.

Kisha ngozi ikaanza kuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilipoacha kupaka, ukurutu ulirudi kwa hasira na kupanda hadi shingoni, ambako haukuwahi kufika. Niliokota tyubu tupu kwenye takataka, nikaipeleka kliniki. Sista aliyasoma maandishi yake, akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji machafu mlangoni.

"Hii ni dawa kali," aliniambia kwa Kiingereza cha polepole, ili nielewe. "Hupakwa kidogo, kwa muda mfupi, kwa maelekezo. Ndiyo iliyokutuliza, na ndiyo iliyokuchuna. Hizo vitamini zenu humo ni mapambo. Mnajipikia ngozi kama mboga?"

Nilimweleza Maman. Alinisikiliza huku akichana wigi.

"Nimesikia. Vaa glovu na shati la mikono mirefu. Ukitaka kiti, unyamaze."

Nilisuka na glovu. Nywele zilinasa kwenye mpira, na wateja walilalamika kwamba nawavuta. Lakini kiti kilikuwa bado changu.

Jumamosi moja aliingia mama wa kwetu aliyetoka kitongoji cha Diepsloot, mtoto mgongoni. Mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu, yamechubuka kwa kujikuna.

"Waliniambia kuko binti hapa alipona," alisema. "Nataka nimuone kwanza, ndio ninunue."

"Ooh, yule!" alisema Maman, mimi nikiwa nimesimama kati yao. "Yule alipona kabisa, dada. Amerudi Bukavu. Anaolewa!"

Msusi mkubwa aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Nikavua glovu. Sauti yangu ni ndogo, lakini safari hii niliipaza.

"Mama, ni mimi. Usimpake mtoto hiyo. Mpeleke kliniki."

Aliitazama mikono yangu. Alirudi nyuma, akamfungua mtoto na kumkumbatia kifuani, mbali nami.

"Huyu ana nini?" alimuuliza Maman.

"Huyu?" Maman alijibu kwa upole sana. "Huyu ana wivu na yule mwenzake. Alianza dawa, akaiacha katikati. Unaona mtu anavyokuwa akiacha?"

"Eish. Na munamuacha ashike vichwa vya watu?"

"Ni huruma tu, dada yangu."

Yule mama alitoa kitambaa, akafuta kiti changu, akaketi, mtoto mapajani. Maman alifungua kopo, akampaka mtoto mashavuni kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayempenda. Mtoto hakulia. Alifumba macho, na mama yake akatabasamu hadi machozi yakamtoka.

"Tukusuke mtindo gani, dada?" Maman aliuliza, akamwita msichana mwingine kwenye kiti changu. Mimi alinielekeza kwa kidevu kule nyuma, kwenye mabeseni ya shampuu.

"Na mikono yako uende nayo," alisema.