Pole za Baba

Baba alipofariki kijijini kwetu Mbuji, historia ya marehemu niliiandika mimi. Kwenye ukoo wetu kazi hiyo huangukia mwalimu, na mwalimu ni mimi peke yangu. Niliisoma kaburini, na niliporudi Liuli ninakofundisha nikaiweka kwenye tovuti yangu. Dada yangu, mwenye duka la simu Mbinga mjini, akanicheka. Alisema tovuti yangu ni kanisa lisilo na kengele, nani atajua kuna ibada? Yeye akaiweka kwenye ukurasa wa ukoo, kule kwenye mtandao wa bure ambako watu wote wanashinda. Akaongeza picha ya baba akiwa ndani ya jeneza wazi, ili ndugu walioshindwa kusafiri nao wamuage.

Niliona wivu, kwa nini nifiche? Kwangu hakupita hata kunguru. Kwake pole zilimiminika, nyingine kutoka kwa watu waliowahi kuchimba na baba ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo cha milimani. Mmoja alieleza jinsi baba alivyomlimia shamba lake lote wakati anamuuguza mkewe hospitalini. Mama hajui kusoma. Kwa hiyo kila Jumapili dada alipanda bodaboda hadi Mbuji, akamsomea pole zile moja baada ya nyingine, na mama aliitikia kila moja, "Asante, baba," au "Asante, mama," kana kwamba aliyeiandika ameketi naye mkekani.

Halafu ukurasa ukafungwa. Ujumbe ulisema picha ile inatisha, imevunja kanuni. Baba yangu, ndani ya suti yake ya kanisani, anatisha! Dada alikata rufaa, mashine ikamjibu kwa adabu zote kwamba uamuzi ni wa mwisho. Hakuna ofisi ya kupiga hodi, hakuna mkubwa wa kugombana naye. Hasira zilinipanda hadi nikashindwa kula, nikazimalizia kwa dada.

"Mpangaji hazikii mtu uani kwa mwenye nyumba," nilimwambia.

Akakata simu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mbuji mwenyewe, kifua mbele, tovuti yangu mkononi. Nilimwamkia mama, nikamsomea historia nzima, tangu kuzaliwa kwa baba hadi kuzikwa. Haikupungua hata herufi moja. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharage kwenye ungo.

"Hayo nayajua, mwanangu," akasema. "Niliishi naye. Nisomee ya wale watu."

Nikashuka chini ya maneno yangu, mahali nilipowaachia wasomaji nafasi ya kuandika. Palikuwa patupu. Ungo ulikuwa umetulia magotini pake, naye ameshainua uso, tayari kuitikia.

Nikamwambia mtandao unasumbua. Akasema atasubiri.