Masale Yaliyokuja na Maji

Mpaka leo nikikiona kile kidude cha wino wa dole gumba, damu inanichemka. Mungu anisamehe.

Walipokuja Ipyana watu wa kupima mashamba ili tupate hati za kimila, nilikuwa mjane wa mwaka wa tatu. Shamba letu la kokoa tulilipanda mimi na marehemu mume wangu, mche kwa mche. Kokoa hiyo nimeivundika kwenye majani ya migomba mpaka mikono ikanuka siki. Lakini mwenyekiti wa kitongoji akaita jina la nani? La shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayekaa Mbeya mjini! Alifika asubuhi hiyo na viatu vinang'aa.

"Shemeji, wewe pumzika," akaniambia. "Mambo ya serikali tuachie wanaume. Wewe utakuwa shahidi tu, utaweka dole."

Shahidi! Wa shamba langu!

Bibi zetu walipohamishwa enzi za vijiji vya ujamaa, nani aliwauliza? Mimi nilitolewa shule darasa la tatu nilee wadogo zangu, nani aliniuliza? Kusoma nimejifunza ukubwani, kisomo cha jioni, pale kanisani, mtoto mgongoni. Wakaelekea shambani, nikawafuata nyuma, naomba moyoni.

Kwetu mpaka wa shamba ni masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa kwa mstari. Kila masika mto ukifurika, maji yanayang'oa, yanayatupa kokote, na yenyewe hayafi, yanachipua hapohapo yalipotupwa. Maji yakiondoka, mimi na jirani yangu, bibi mmoja mwenye ulimi mkali, tunayarudisha pale yalipokuwa. Shemeji tope hilo hajawahi kulikanyaga.

Mpimaji akauliza mpaka uko wapi. Shemeji akanyoosha kidole kwenye masale mabichi, mazuri, ndani ya kokoa yangu. "Hapa."

Yule bibi jirani, aliyekuwa amesimama upande wake wa mpaka, akacheka mpaka akashika kiuno. "We mwanangu, hayo yamekuja na maji juzi! Ukisema mpaka ni hapo, mistari minne ya kokoa ya mke wa kaka yako inakuwa yangu. Ndaga fijo! Asante sana, nimepokea!"

Watu wakaangua kicheko. Mpimaji hakucheka. "Nani analijua shamba hili?"

Nikatangulia. Nikawaonyesha kona zote nne, bibi akiitikia kila kona. Shemeji kabaki nyuma anafuta viatu.

Tuliporudi kwenye meza yao ya kuandikishia, mpimaji akachukua fomu mpya, akaandika jina langu. Halafu, bila hata kuniangalia, akanisukumia ule wino.

"Mama, dole."

"Hujaniuliza kama najua kuandika," nikamwambia. "Lete kalamu. Na hiyo karatasi nipe kwanza niisome."

Kwenye foleni wakaanza kuguna: jua kali, mama fanya haraka basi! Nikasoma taratibu, kidole juu ya maneno, mstari kwa mstari mpaka wa mwisho. Wasubiri. Mimi nimesubiri miaka mingapi?

Nikaandika majina yangu yote matatu.