Chini ya picha ya muzee mnene

Leo nimepeleka mchoro hospitalini, upigwe radio, ile picha ya ndani, kama mtu aliyevunjika mfupa.

Papa yangu alikuwa mchoraji wa sura za watu, hapa Birere. Amefariki mwezi uliopita. Aliniachia picha ya muzee mmoja mnene ambaye hakurudi kuichukua.

Siku za mwisho akaniambia: "Mama yako iko chini ya huyu. Nilimufunika. Sikuweza kumuangalia."

Mama alikufa nikiwa na miaka miwili. Picha zake zilipotea tulipokimbia. Sura yake siijui.

Mpiga radio akauliza: "Mama, mugonjwa iko wapi?"

Nikamwonyesha mchoro.

Bibi mmoja kwenye foleni akasema: "Huyu muzee amenona hivi, anaumwa nini?"

Tukacheka wote. Hata mimi.

Kisha sura ya chini ikatokea. Kitambaa cha kichwa. Hereni. Shingo ndefu kama yangu.

Mahali pa macho hapakuwa na kitu.

"Pengine mashine haikushika?"

"Hapana, mama. Hapa hakuchora."

Nikaelewa. Papa alikuwa anachora macho mwisho, na mwenye sura lazima awe amekaa mbele yake. Alisema macho hayachorwi kwa kukumbuka.

Mama hakupata kukaa tena.

Nimelia pale pale, bibi yule amenishika mkono.

Ndugu zangu, Mama alikuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo, pale sokoni Birere, aliitwa Mama Furaha. Furaha ni mimi. Kama unamkumbuka, niandikie hapa: alikuwa anaangalia watu namna gani?