Oda Kumi na Mbili za Rawdha

Dada yangu Rawdha, tuliyemzika hapa mjini Sfax mwezi uliopita, Mungu amrehemu, alikuwa akitunga programu za kompyuta katika kampuni ya kusambaza dawa. Mimi niliishia sekondari. Naandika kama alivyonieleza, na nilivyoona Ramadhani moja nilipompitia kazini twende tukafuturu kwa mama.

Walikuwa wakiunganisha bohari kuu na famasi za kusini. Mkuu wake, Si Lamjed ("Si" kwetu ni kama Bwana), alitaka kompyuta ya famasi iiite ya bohari moja kwa moja na kungoja jibu, kama watu wawili kwenye simu. Rawdha alikataa. Laini ya Tataouine, mji wa mbali huko kusini, ilikuwa ikikatika kila mara. Oda ya insulini ikikatikia njiani, nani atajua kama imefika? Alitaka oda ziwekwe kwenye foleni kama barua, bohari izichukue laini ikirudi.

"Barua hupotea, binti wa Triki," alisema Si Lamjed nilipoingia, akimwita kwa jina la ukoo wetu. "Au hufika mara mbili."

"Kila moja ina namba yake. Ikirudi, inakataliwa."

"Na ikipotea?"

"Ikipotea hata moja, kesho usinione hapa."

Nilishtuka. Mama alikuwa akimtegemea yeye.

Mfamasia wa Tataouine akatuma oda kumi na mbili za majaribio. Zikaingia tatu, laini ikakatika.

"Foleni yako imelala," Si Lamjed akacheka. "Nenda kafuturu, utafute kazi ukiwa umeshiba."

"Umefunga, Si Lamjed. Chunga ulimi."

Adhana ya magharibi ikalia. Sahani ya tende ilikuwa mezani, lakini Rawdha hakuondoa macho kwenye skrini. Nilisoma dua kimoyomoyo.

Laini ikarudi. Kwanza ikaja tena ile ya tatu. Si Lamjed akanyoosha kidole: "Si nilikwambia!" Mashine ikaikataa. Ikaingia ya nne, ya tano, mpaka ya kumi na moja. Kisha kimya. Rawdha alishika ukingo wa meza.

Ya kumi na mbili ikaingia.

Si Lamjed akamsogezea tende. "Kula. Lakini ikikwama, ni wewe nitakayekuita, hata iwe Idi."

Alimwita Idi nne. Zote Rawdha alikwenda, hadi alipolazwa hospitalini.