Vidimbwi vya Mihogo vya Ntoto

Katika siku zote nilizozunguka nikihesabu mimea na mbu, mwanangu, siku moja ya Ntoto ndiyo inayonirudia zaidi, na kila inaponirudia naona aibu. Nilikuwa msichana ninayekaribia kumaliza chuo, nayajua majina ya Kilatini ya majani mengi kuliko majina ya majirani zangu. Kichwa kilikuwa kimevimba, tuseme ukweli.

Profesa wangu alinituma Ntoto, kijiji cha msituni huko Walikale, kuchunguza mimea ya kando ya maji na mbu wanaozaliana humo. Mimi ni mtu wa Masisi, wa milimani. Nyumbani tulilima viazi na maharage, na muhogo tuliununua ukiwa unga tayari. Sikujua kwamba Ntoto wanawake huloweka mihogo katika vidimbwi siku kadhaa mpaka ilainike, wakiifunika kwa majani mapana, ndipo waianike na kuitwanga unga wa fufu. Hayo nilielezwa baadaye. Siku ile nilichoona ni maji yaliyotuama.

Nilikuta vidimbwi vyote havina mtu. Nikafurahi, maana kazi ingekwenda haraka. Nilichota maji kwa upawa mweupe, nikahesabu viluwiluwi, nikaandika mimea ya ukingoni. Maji yalikuwa safi, na viluwiluwi vya mbu wa malaria vimejaa. Nikirudi nilipita mbele ya nyumba yenye kilio, watu wameketi uani kimya. Sikusimama hata kusema pole. Nilikuwa mbioni kwa shefu wa kijiji, nimweleze kwamba vidimbwi vya mihogo ndivyo vinavyowaletea watoto homa.

Shefu aliniamini. Kwa jinsi nilivyoongea, hata mimi ningeniamini. Akaagiza vidimbwi vyote vifukiwe, na kesho yake kikafukiwa cha kwanza. Kilikuwa cha Mama Sifa, mjane wa nyumba ile niliyoipita.

Alipomaliza siku zake za kukaa ndani, alinifuata. Hakugomba.

“Dada, uliuliza nani?”

Nikamwonyesha daftari langu.

“Hiyo naona. Mimi nauliza muntu. Bwana yangu alikufa, wamama wote wakaacha kazi juma mbili juu ya kilio. Maji ikabaki bule, mvua ikaingia, ikakuwa safi, njo mbu wakazalia mule. Wakati muhogo iko ndani, maji inachacha, inanuka, ile mbu haiko mingi. Ulipita pa mulango yangu. Kama uliingia kunipa pole, ningekuambia. Sasa batoto yangu watakula nini?”

Nilikwenda kumwomba shefu asifukie vingine kwanza. Wanawake waliporudi kazini nilipima upya vidimbwi vilivyobaki, safari hii nikiuliza kila kimoja kimelowekwa lini. Penye mihogo inayochacha nilipata viluwiluwi vichache sana vya mbu wale. Penye maji yaliyopumzika bila mihogo vilijaa. Mama Sifa alisema kweli, na kurasa zangu zote za mwanzo zilikuwa za kutupa.

Jumapili, baada ya ibada, nilisimama mbele ya shefu na kijiji kizima nikasema nimekosea. Shefu akafuta agizo lake. Profesa alinikaripia, nikachelewa kumaliza masomo, na nilistahili. Kidimbwi cha Mama Sifa tulikichimba upya yeye na mimi, siku tatu, na siku zote hizo watoto wake walikula kwa majirani. Watu wengine Ntoto hawakunisalimu mpaka nilipoondoka, na siwalaumu.

Wewe sasa unajiandaa kwenda Pinga na madaftari yako, mwanangu. Nenda, kazi hii ni nzuri nami naipenda bado. Lakini kabla hujachota maji, mtafute mwenye maji. Ukikuta mahali pa kazi pamenyamaza, uliza watu wamekwenda wapi na kwa nini. Ukikuta kilio, keti nao kwanza, kuhesabu kutasubiri. Na ukikosea, kaseme palepale ulipokosea, mbele ya walewale, usingoje kuja kuandika kwenye ripoti ya mjini ambayo hawataisoma.

Mungu akupe afya na akurudishe salama. Akukutanishe na mtu kama Mama Sifa, mwanangu, umsikilize kabla kidimbwi chake hakijafukiwa.